Flashi ya bei ya chini kwa Sony a6400: nichukue TT600 au nisubiri hela ya TTL?

Kijana wa Kihonda

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nina Sony a6400, niliichukua mkononi mwa mtu mwaka jana. Lenzi ninazo mbili, 16-50 iliyokuja nayo na Sigma 30mm f/1.4. Napiga kipaimara, mahafali ya shule za huku Morogoro, na siku hizi nimeanza kupewa sendofu. Mchana sina ugomvi na mtu. Shida yangu ni usiku.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendofu, mpambaji kajaza taa za kijani na zambarau ukumbi mzima. Nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka 6400, tundu la lenzi ya Sigma (ile namba ya f) nikalifungua lote. Picha zimetoka, ila shangazi wa bibi harusi ana uso wa kijani upande mmoja na zambarau upande wa pili, na pale kwenye kukata ndafu aliyeonekana vizuri ni mbuzi peke yake. Mama mwenye shughuli kanipigia: "Mwanangu, hivi zile ulipiga kwa simu?" Iliniingia.

Kile kiflashi kinachochomoza juu ya kamera nimekijaribu, mwanga wake unaishia meza ya kwanza.

Bajeti yangu ni 280,000. Kariakoo nimeulizia Godox TT600 mpya wakaniambia 210,000. TT685 II ya Godox, toleo la Sony lenye TTL (flashi inajipimia nguvu yenyewe), ni 390,000, hiyo bado sina. Kuna jamaa hapa mjini ana Yongnuo YN560 IV iliyotumika, anataka 120,000. Rafiki yangu mmoja ananitisha, anasema flashi isiyo ya Sony yenyewe itaniunguzia kamera. Nifanyeje? Na je, nikikosa TTL nitaweza kazi za harusi kweli?

Mtoto wa Ilala

Nilivyosoma kichwa nikajua unatafuta flashi ya kuwekea nyimbo 😀

Chukua TT600 umalize. Mimi yangu ina mwaka wa tatu, imedondoka mara mbili kwenye marumaru na bado inawaka. TTL waachie wenye hela.

Bi Mwanga wa Tanga

Marahaba mdogo wangu. Wa Ilala kakujibu sawa, ila kakujibu mbio. Ngoja nikae kitako, leo umeme umekatika na sina cha kuhariri.

Nianze na huyo rafiki yako. Ana nusu ya ukweli. Flashi za kuogopa ni zile za enzi za filamu. Kuna baadhi zilikuwa na volti zaidi ya 200 pale kwenye pini ya katikati, na kamera za wakati ule hazikujali, maana swichi yake ilikuwa vyuma viwili tu vinavyogusana. Kamera ya leo pale ina saketi. Baba yangu mdogo alikuwa na studio ya pasipoti, akaniachia flashi moja ya namna hiyo. Kabla sijaichomeka nikampelekea fundi redio wa hapa Ngamiani aipime kwa mita. Akaitazama namba, akanitazama mimi, akasema: "Bi mdogo, hii kaifanye pambo." Ipo kabatini mpaka leo. Kwa hiyo mjomba akikupa flashi ya zamani ya bure, shukuru na usiichomeke. Hizo TT600 na YN560 IV ni za juzi, hazina habari hiyo.

Sasa kiatu. Namaanisha pale juu ya kamera unapochomeka flashi. Tangu 2012 Sony wanatumia kiatu chao chenye vipini vidogo vidogo vilivyojificha kwa mbele, lakini pini ya katikati wameiacha. TT600 ya kawaida inaongea kwa pini hiyo moja tu, kwa hiyo kwako itawaka. Ipo pia TT600S, mguu wake umetengenezwa kwa kiatu cha Sony. Ukizikuta zote kwa bei moja beba yenye S. Ukikosa usilie.

Ila jua kwamba ile ya pini moja ikikaa juu, kamera haina habari kama kuna flashi. Na hapo ndipo wengi wanapoirudisha dukani wakidhani ni mbovu.

Mimi mwenyewe nilikumbana nayo kwenye nikahi, nyumba moja huku Chumbageni. Kamera yangu ilikuwa a6400 kama yako. Shata nimeiweka 1/250 ya sekunde kwa mazoea ya mchana. Napiga, naona chini ya picha kuna mkanda mweusi. Nikadhani kidole. Nikadhani mkanda wa kamera. Mpaka naamka, nimeshapiga picha 40 na zaidi, na kila moja bwana harusi hana miguu. Kamera yako mwisho wake na flashi ni 1/160. Ukivuka hapo, pazia la shata linakuwa limeshaanza kufunika sensa (kile kidude cha ndani kinachopokea picha) wakati flashi inawaka. Flashi inayojuana na kamera ingekuzuia usivuke. Hii ya pini moja inakuacha uende ukaaibike.

Jambo la pili, kioo cha kamera unachotazamia kitakuwa giza. Ukiweka M (unapanga kila kitu mwenyewe), 1/160, f/5.6, ISO 400 ndani ya ukumbi, kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, yaani lami. Utashindwa hata kumpata mtu. Ingia kwenye menyu, tafuta Live View Display, weka Setting Effect OFF. Kioo kitarudi kuwa cheupe. Mchana ukimaliza na flashi, irudishe ON, usije ukasahau ukapiga mahafali mazima yameungua kwa mwanga, weupe mtupu. Na Silent Shooting uizime kabisa, ikiwa imewashwa flashi haiwaki. Kanisani watu wanaiwasha ili wasimkere padre, halafu wanakuja nje wanaanza kutukana flashi.

Umeuliza TTL. TTL ni flashi kujipimia yenyewe: inatoa kimweko kidogo kwanza, kamera inapima kilichorudi, halafu inaamua nguvu. Ni tamu ukiwa unatembea, mtu anakusogelea, anarudi nyuma, maharusi wanaingia wakicheza. Lakini usidhani inajua kila kitu. Huku kwetu nikahi imejaa kanzu nyeupe. TTL ikiona weupe mwingi inasema mwanga umetosha, inapunguza, na sura ya mtu inabaki gizani. Gauni la bibi harusi ni hivyo hivyo, na bwana harusi mweusi ndani ya suti nyeusi pembeni yake anapotea. Wenye TTL wanaongeza kwa mkono, +0.7 au +1, siku nzima. Kwa hiyo mkono utautumia tu. Mimi nilipiga shughuli miaka miwili kwa flashi ya mkono, yaani ya kuipangia nguvu mwenyewe, na iliyonifundisha kazi ni ile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukumbini anza na ISO 800, f/4, 1/160, flashi 1/8 ya nguvu yake, kichwa kikitazama dari. Piga mtu mmoja. Uso mweusi, panda 1/4. Umeungua, shuka 1/16. Ukishaipata kwa ukumbi ule, dari ile, haibadiliki sana ukibaki umbali uleule. Na kumbuka ISO ndiyo mkombozi wa betri: kutoka 100 kwenda 800 umepanda mara nane, kwa hiyo nguvu unayohitaji imeshuka mara nane. Wanaopiga ISO 100 na flashi 1/1 ndio hao utawaona wanaipuliza kama chai.

Dari sasa. Hapa Tanga dari zimenifundisha adabu. Jipsamu nyeupe ni baraka, elekeza kichwa juu, kirudishe nyuma kidogo, mwanga unadunda na kushuka laini usoni. Makuti ni hasara, yanakula mwanga wote na kinachorudi ni cha rangi ya kahawia. Turubai la rangi au vile vitambaa vya wapambaji ndio ugonjwa: dundisha kwenye kitambaa cha zambarau uone, ukoo mzima unakuwa bilinganya. Ukikutana na hayo, acha dari. Mimi nachukua kadi ya mchango, upande wa nyuma usio na maandishi, naifunga kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi ichomoze kama sikio, kichwa nakisimamisha wima. Sehemu ya mwanga inagonga kadi inakwenda mbele. Kadi za mchango hatujawahi kupungukiwa nchi hii. Sema iwe nyeupe kweli, zile za dhahabu zinatia watu homa ya manjano.

Betri. TT600 inakula nne za AA. Hapa ndipo bajeti yako iende, tena hela iliyobaki yote. Nunua za kuchaji za NiMH nzuri, seti mbili, yaani nane, na chaja inayochaji kila betri kivyake. Za alkalini za dukani zinaanza vizuri, ikifika saa tatu usiku unapiga picha moja unasubiri mpaka watu wanaondoka. Na usidanganywe na maandishi. Betri ya AA ya NiMH iliyoandikwa 4000 mAh au 5000 ni uongo mtupu, za kweli zinazodumu ni kama 2000, zile kubwa kabisa hazivuki sana 2700 au 2800. Jirani yangu anaoka keki, nina ruhusa ya mizani yake. Betri yangu nzuri ina gramu 27. Niliyouziwa siku moja mtaani, imeandikwa namba kubwa na radi imechorwa juu, ilikuwa na gramu 16. Nilicheka peke yangu jikoni.

Seti usizichanganye. Mimi nimezipaka rangi ya kucha, nne nyekundu, nne za bluu. Moja ikiwa imechoka inazivuta zote. Na ukifika nyumbani zitoe ndani ya flashi.

La mwisho ni herufi. Godox za TTL zina herufi mwishoni: C ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fuji, O ya Olympus na Panasonic. Mimi nilikuwa Canon, nikanunua TT685 yenye C, nikahamia Sony. Juu ya kamera ikabaki kuwa ya mkono tu. Nilikaribia kuiuza kwa bei ya kutupa, mpaka nilipojua kwamba ikishuka kwenye kamera ikawa inapokea redio, herufi yake haina kazi tena. Inayotakiwa kufanana na kamera ni ile triga ya juu, kidude kinachokaa kwenye kiatu na kuiamrisha flashi kwa redio. Nikanunua triga ya Godox X2T yenye S, flashi yangu ya Canon inapiga TTL na Sony kama haikuhama. Kwa hiyo siku ukiongeza vifaa, fuata redio ya aina moja tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo mimi nakwambia TT600 mpya, na siyo ile YN ya 120,000. YN560 IV si mbaya, ina nguvu karibu sawa, lakini redio yake ni ya kwao.

Dukani nenda na kamera na betri zako mwenyewe. Weka 1/1, elekeza juu, bonyeza mara kumi mfululizo, kila mara subiri taa ya utayari na uhesabu sekunde. Kwa betri nzuri haitakiwi kuzidi tatu. Sikiliza injini ya zumu ikitembea. Funga na fungua mlango wa betri. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mtoto wa Ilala

Dada, homa ya manjano umeniua 😂

Ila kwenye alkalini nakupinga kidogo. Dharura zinaokoa. Mwezi uliopita nilisahau chaja Dodoma nikamaliza harusi kwa alkalini za dukani.

Bi Mwanga wa Tanga

Ulimaliza harusi au harusi ilikumaliza?

Msanii wa Nakuru

Samahani naingilia kati, nasoma nikiwa Kenya na hili la pini limenigusa. Mimi nina Canon R50. Nilisoma mahali kwamba TT600 inafanya kazi na kamera yoyote, nikanunua. Nikachomeka, hakuna kitu. Nikabadilisha betri, hakuna. Nikaenda kupigana na mwenye duka, yeye akaiweka kwenye kamera yake nzee ya Nikon ikawaka papo hapo, nikaaibika mbele ya wateja.

Kumbe R50 haina kabisa hiyo pini ya katikati! Ina vidude vya dhahabu tu pale mbele ya kiatu. Lazima ununue adapta ya Canon, AD-E1, uichomeke kwanza halafu flashi juu yake. Sasa flashi yangu imesimama kama twiga, lakini inapiga. Gharama ya adapta nayo sikuwa nimeipangia. Kwa hivyo mwenye kamera nyingine atakayepita hapa, kabla hujatoa pesa, angalia kiatu chako kwa macho. Ukiona kijiduara cha chuma katikati, uko salama kwa hizi za mkono. Usipokiona, uliza kwanza.

Dada wa Tanga, swali moja: ile taa nyekundu ya mbele ya flashi, inayosaidia kufokasi gizani, mbona haiwaki kwangu?

Bi Mwanga wa Tanga

Pole kwa twiga. TT600 usiihesabie hiyo taa, yenyewe haiambiwi chochote na kamera zaidi ya "waka". Na hata zile za TTL, mistari myekundu ilikuwa rafiki wa kamera za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani. Hizi zetu zisizo na kioo zinafokasi kwa kutazama sensa yenyewe, na Sony zangu hazijawahi kuiita. Zinawasha kitaa chao kidogo cha mbele, ambacho ukiweka lenzi nene kinazibwa nusu. Ukumbi ukiwa giza sana mimi namwomba mtu wa video anisogezee taa yake sekunde mbili. Tunagombania nafasi mbele lakini kwa hilo tunasaidiana.

Kijana wa Kihonda

Nimerudi na mrejesho. Juzi nilipanda basi mpaka Kariakoo, nikaenda na kamera na betri kama dada alivyosema. TT600S hawakuwa nayo, nimechukua ya kawaida, tumeshushana mpaka 200,000. Ile ya kwanza aliyonitolea, nikihesabu, ilikuwa inavuta sekunde sita kurudi, na betri ni zilezile. Nikamwambia nipe nyingine. Ya pili sekunde mbili na kitu. Kweli alinuna.

80,000 iliyobaki nimenunua betri nane na chaja, nikabaki na nauli na mahindi ya kuchoma ya pale Chalinze. Rangi ya kucha nimeazima kwa dada yangu, ananidai maelezo.

Jana kulikuwa na kipaimara, chakula cha jioni nyumbani kwa watu, sebule ina dari nyeupe ya mbao za kupaka. ISO 800, f/4, 1/8, nikashuka 1/16. Kuna picha ya bibi yao amekaa kwenye kochi ameshika mkono wa mjukuu, mikunjo ya uso inaonekana, macho yana kile kinuru. Niliionyesha pale pale kwenye kioo, akaniuliza kama naweza kuitoa kubwa ya kutundika. Nje chini ya turubai nilifunga kadi ya mchango. Ilikuwa ya harusi ya mwaka juzi, jina la maharusi lilikuwa linasomeka kwa nyuma, watu wakawa wananiuliza kama nimetoka huko.

Nilisahau kurudisha Setting Effect asubuhi ya leo. Picha kama 15 za shambani zimeungua. Dada alisema.

Sasa swali. Yule jamaa wa YN560 IV bado anayo, kashuka mpaka 90,000. Nataka taa ya pili niiweke nyuma ya maharusi, kwenye kona. Inaweza kufuata TT600 yangu?

Bi Mwanga wa Tanga

Hongera. Bibi mpe picha yake, usimtoze.

YN itafuata kwa macho, siyo kwa redio. Iweke kwenye S1, ikiona flashi yako inamweka nayo inamweka. Sebuleni na kwenye picha za studio itakufaa sana, hasa ikiwa kidirisha chake cha mbele kinauona mwanga wako ukidunda. Lakini ukumbini S1 haichagui mwenyewe. Inaona flashi ya mpiga picha wa upande wa bwana harusi, inawaka. Inaona ya yule wa kujitegemea anayeuza picha mlangoni, inawaka. Nilishafanya hivyo. Mpaka maharusi wanaingia, betri za kona zilikuwa zimekwisha, na picha nzuri zenye taa ya nyuma alikuwa nazo jirani yangu. Kaniuliza nimepata wapi mapambo yale.

TT600 mbili zinasikilizana kwa redio zenyewe, moja ikiwa juu ya kamera inaiamrisha ya kona, triga hununui. Hiyo 90,000 iweke. Piga vipaimara viwili vingine, ongezea, nenda kwa yule muuzaji aliyenuna, mwambie akupe ya sekunde mbili tena.

Mtoto wa Ilala

Na hiyo YN ya 90,000 mwelekeze kwangu, nina studio ya pasipoti, hakuna wa kuniwashia.